Sabaki mara tatu, na ndege bado wako mbali

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Malindi na mlezi wa klabu ya mazingira. Novemba niliwapeleka wanafunzi kwenye mlango wa Mto Sabaki Jumamosi tatu mfululizo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Ile ya kwanza ilikuwa siku moja baada ya mwezi mpevu. Tuna darubini mbili za mkononi, 8x42. Kila safari tuliona ndege wadogo wa kijivu, mbali sana, na wote sawasawa. Watu husema pale kuna maelfu. Je, tuchange pesa tununue darubini kubwa ya kusimamisha? Na hao wadogo mnawatambuaje? Tena, siku tulipopita Hori la Mida, mwanafunzi mmoja aliona ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, nyuma yake mwingine wa kijivu akimfuata huku akilialia. Tumebishana hadi leo. Ni ndege gani?

JIBU: Mwalimu, pesa hizo ziwekeni kwanza. Darubini zenu hazina kosa. Kosa ni saa, na nashukuru umetaja mwezi, maana bila huo ningekuwa napiga ramli.

Hebu tuzifuate Jumamosi zako moja moja. Pwani yetu ina mtindo ambao wavuvi wanaujua bila kuufikiria: siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo Jumamosi yako ya kwanza maji yalikuwa yamekauka kabisa kati ya saa nne na nusu na saa tano, katikati ya ziara yenu. Siku kama hiyo bahari imeacha wazi tope na mchanga hadi upeo wa macho, na ndege wametapakaa humo kama punje za mtama zilizomwagwa uwanjani. Maelfu walikuwepo kweli. Kila mmoja alikuwa na eneo lake la kulia, na sehemu kubwa ya hayo maeneo iko mbali na mtu aliyesimama ukingoni.

Jumamosi ya pili ilikuwa maji mafu. Maji yalijaa, tena saa nne unusu au karibu na hapo, lakini kujaa kwa maji mafu ni kujaa kwa jina. Siku za bamvua kubwa tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu inaweza kuwa kama mita 1 tu. Tope la juu halikufunikwa, ndege hawakuwa na sababu ya kuondoka walipo, na nyinyi mkabaki palepale. Jumamosi ya tatu mwezi ulikuwa umeandama, bamvua limerudi, na saa nne mkakuta tena pwani kavu.

Ongeza jua. Pale Sabaki ukitokea upande wa Malindi bahari iko mashariki yako, na asubuhi unatazama moja kwa moja kwenye mwanga. Ndege yeyote akiwa kati yako na jua ni kivuli tu, hata awe mwekundu kama embe dodo. Halafu kuanzia saa tatu na nusu mchanga unapata moto na mazigazi yanaanza kucheza juu yake. Hapo ndipo darubini kubwa isingewafaa hata kidogo: inakuza ndege mara 40 na inakuza ule mtetemeko wa hewa mara 40 vilevile. Nimewahi kuona mtu na chombo cha bei ya pikipiki akitazama kitu kinachofanana na uji unaochemka.

Sasa tufanye kinyume. Kinachohitajika ni maji yanayojaa, tena ya bamvua, alasiri, jua likiwa mgongoni. Maji yakipanda yanawakunja ndege kidogo kidogo. Anayekula mita mia tano kutoka kwako anasogezwa hadi mia tatu, halafu mia, na mwisho wote wanakusanyika kwenye mafungu machache ya mchanga yaliyobaki, wanasimama kwa mguu mmoja wakisubiri. Huna haja ya kuwafuata. Unatangulia kufika, unakaa chini, na bahari inakuletea.

Kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu, ambayo wazee wa huku bado wanapangia uvuvi, chagueni mwezi kumi na nne hadi kumi na saba, au mwezi mosi hadi tatu. Mwezi saba hadi tisa, na ishirini na mbili hadi ishirini na nne, kaeni shuleni mchore. Anayetaka uhakika wa dakika atafute jedwali la maji la Kilindini, linalotolewa na Mamlaka ya Bandari kila mwaka. Malindi haitofautiani nayo kwa kiasi cha kuharibu safari. Mida ni habari nyingine kidogo, kwa sababu mlango wa hori ni mwembamba na maji huchelewa kuingia hadi ndani. Huko ongeza subira.

Tuseme maji yatajaa saa kumi na moja jioni. Mfike Sabaki saa nane, mketi. Kati ya saa nane na nusu na saa kumi ndipo kazi yote inapofanyika, maana ndege bado wanakula lakini wameshabanwa. Baada ya hapo wanalala, na ndege aliyeficha mdomo ndani ya manyoya ya mgongo ni mgumu kumtambua kuliko aliye mbali.

Kabla sijafika kwenye kutambua, neno moja kuhusu watoto na maji. Mimi mwenyewe, miaka hiyo nikiwa na haraka kuliko akili, nilivuka mkondo mdogo pale mlangoni ili niwe karibu na kundi la buabua lililotua kwenye fungu la mchanga. Maji yalinifika magotini. Nikalala kifudifudi, nikahesabu, nikaandika, nikafurahi sana. Niliponyanyua kichwa buabua walikuwa wamebanana nusu ya pale nilipowakuta, na mimi nilidhani ni baraka yangu wamesogea karibu. Kumbe fungu lilikuwa linapungua. Nilirudi maji yakiwa kifuani, daftari nimeling'ata kwa meno, kiatu kimoja kimekwenda zake Somalia. Kundi lile lilinipa onyo saa nzima nami nikalichukua kama burudani. Basi wanafunzi wasivuke mkondo wowote, hata wa kifundo cha mguu, maji yakiwa yanajaa. Na Sabaki ni mto: una viboko, una mamba. Kwenye matete na ukingo wa maji matamu hapachezwi. Nendeni na kijana wa hapo kijijini anayetembeza wageni. Anajua mto umehamia wapi mwaka huu, kwa sababu mlango ule hauishi kuhama.

Haya, wadogo wa kijivu.

Kwanza nikupe faraja. Mlianza na mwezi mgumu. Ndege hawa wengi huzaliana kaskazini ya mbali, huko Siberia kwenye nchi ya barafu, kisha hushuka kwetu kuanzia Agosti na kuondoka Aprili na mapema Mei. Wanaotangulia kufika Agosti ni watu wazima, na wengi bado wamevaa rangi za ndoa: matumbo mekundu ya kutu, vifua vyeusi. Kufikia Novemba wamebadilisha manyoya, wote wamevaa sare moja ya kijivu na nyeupe. Machi na Aprili rangi zinarudi. Mwanafunzi aliyefundishwa Aprili hupata mahali pa kushikilia.

Kwa hiyo Novemba acheni rangi. Tazameni mwendo na namna ya kula. Ukifika ukingoni ukae dakika kumi bila kufungua kitabu chochote, ujiulize swali moja tu: huyu anatafuta chakula kwa macho au kwa mdomo?

Wa macho wana vichwa vya mviringo, macho makubwa na midomo mifupi. Mwendo wao ni wa mchezo wa watoto ule wa kusimama ghafla: anakimbia hatua tano sita, anasimama wima kama mlingoti, anatazama, anainama mara moja, anadonoa, anasimama tena. Ukimwona anayefanya hivi, yuko kwenye ukoo wa viluwiluwi, hao ndege, si wale watoto wa chura. Mkubwa wao hapo ni Pluvialis squatarola, mnene, wa kijivu, mwenye sura ya huzuni, na mara nyingi amejitenga peke yake kwenye tope lake. Msingojee mengi: msubirini aruke. Akinyanyua bawa utaona kwapa jeusi tititi kwenye mwili mweupe, kana kwamba amebeba kipande cha mkaa chini ya bawa. Hakuna mwingine mnayeweza kumkuta pale mwenye alama hiyo. Mpeni mwanafunzi mgumu kuliko wote kazi ya kutafuta kwapa. Akilipata mara moja atakuwa wenu daima.

Wa mdomo hawasimami. Vichwa vimeinama, wanatembea wakichoma tope, maana ncha ya mdomo wao ina hisia na inamgusa mnyoo asiyeonekana. Wa kuanza naye ni Calidris ferruginea. Sisi tunawaita vitwitwi wote, na sina ugomvi na jina hilo, ila huyu ana mdomo mweusi mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, na anafanya kazi kama cherehani: tik-tik-tik-tik mshono mmoja, hatua, mshono mwingine, mara nyingi ndani ya maji yanayomfika tumboni. Akiruka, juu ya mkia pana kitambaa cheupe. Ndiye wa kawaida mno Sabaki, na mkimfahamu vizuri anageuka kuwa rula yenu: mdogo kuliko cherehani, au mkubwa kuliko cherehani?

Mdogo kuliko cherehani, anayedonoa juujuu ya tope haraka kama kifaranga, mdomo mfupi na miguu myeusi, ni Calidris minuta. Uzito wake ni kama gramu 25. Huwa nawaambia wanafunzi washike barua ya karatasi nne tano mkononi, kisha wafikirie kitu cha uzito huo kikitoka Siberia.

Mweupe kuliko wenzake, asiyeingia topeni, akikimbia kando ya mawimbi, mbele maji yakirudi na nyuma maji yakija, miguu haionekani kwa kasi: Calidris alba. Huyu mtampata upande wa bahari, si upande wa mto.

Halafu yuko kichaa wao, na mimi nampenda kuliko wote. Xenus cinereus, miguu mifupi ya rangi ya chungwa, mdomo mrefu uliopinda kwenda juu. Anakimbia kifua kikiwa karibu kugusa tope kama mtu aliyesukumwa kwenye mteremko, anageuka kulia bila sababu, anageuka kushoto, anamkimbiza kaa hadi anamkamata. Tena nimemwona mara kadhaa akimbeba yule kaa hadi kwenye dimbwi na kumsuuza kabla ya kumla. Alama za manyoya yake sihitaji kukutajia.

Wakubwa ni rahisi, nitawapita. Sululu utamjua kwa mdomo wake unaofanana na sululu la kuchimbia. Wapo wawili: yule mwenye mistari kichwani, anayelia filimbi fupi fupi kama saba mfululizo, ndiye wa kawaida, Numenius phaeopus, mwingine ni mkubwa zaidi, kichwa hakina mistari, mdomo mrefu hadi unadhani utamwangusha, Numenius arquata, na huyo anazidi kupungua duniani, kwa hiyo kila mmoja aandikwe. Mwenye miguu ya kijanikibichi anayeruka akipiga kelele tatu, tyu-tyu-tyu, na kuwaamsha wote, ni Tringa nebularia. Shakwe na buabua kwenye fungu waachieni siku nyingine; ni somo refu na mwanzoni linavunja moyo.

Kuna wengine wawili ambao nakuomba msijaribu kabisa mwaka huu. Ni viluwiluwi wa mchangani, mkubwa na mdogo, wote kijivu-hudhurungi mgongoni na weupe tumboni. Tofauti ni urefu wa mdomo, unene wake, urefu wa mguu, na vyote vinapishana. Wataalamu wenyewe juzijuzi wamemgawa yule mdogo kuwa spishi mbili, moja ya milima ya Asia ya Kati na nyingine ya Siberia ya mashariki, kwa hiyo msione aibu. Andikeni "wa mchangani, 140" mwendelee. Nimeona vijana wazuri wakiacha jambo hili kwa sababu mtu aliwasimamisha jua kali saa mbili juu ya mdomo wa ndege mmoja.

Kuhesabu pia ni kwa mtindo. Usihesabu mmoja mmoja kundi la elfu. Hesabu kumi kwa uangalifu, ona hao kumi wanachukua nafasi gani kwenye kioo cha darubini, kisha pima kundi zima kwa kipande hicho. Kundi likiwa kubwa zaidi, kipande kiwe cha mia. Wanafunzi watatu wahesabu kundi moja bila kusemezana, halafu linganisheni. Mara ya kwanza mmoja atasema 300 na mwingine 900. Baada ya safari nne wanakaribiana ajabu. Takwimu hizo msizifungie kabatini. Ramani ya Ndege ya Kenya inapokea orodha za watu wa kawaida, na kila Januari huwa kuna sensa ya ndege wa majini Afrika nzima. Shule iliyo umbali wa kilomita chache kutoka Sabaki ni hazina kwa watu hao, kwa sababu wenzenu wa Nairobi wanakuja mara moja na kuondoka, nanyi mnaweza kwenda kila bamvua.

Na kwa nini pale hasa? Watoto watakuuliza. Mto ule unaanza kama Athi kule nyanda za juu karibu na Nairobi, unapita Ukambani, unakuwa Galana ndani ya Tsavo, na unafika kwetu ukiitwa Sabaki. Njiani unazoa udongo. Yale maji ya kahawia yanayowaudhi wenye hoteli wakati wa kaskazi, mkondo unapoyaleta kusini hadi ghuba ya Malindi, ni mashamba ya watu yaliyomomonyoka. Udongo ukifika penye chumvi na mkondo ukalegea, unatua, unakuwa tope laini, na ndani ya tope wanaishi minyoo, konokono na kaa. Upande wa matumbawe udongo huo ni msiba. Upande wa vitwitwi ni ghala. Mimi sijawahi kupata jibu safi la kumpa mwanafunzi anayeuliza basi ni vizuri au vibaya, na nadhani ni afadhali abaki na swali.

Kuna msimu mmoja Sabaki ambao watu wengi wanaukosa kwa kudhani ndege wote wako Ulaya na Asia. Kusi ikivuma, hasa Agosti na Septemba, nendeni jioni mkatazame juu. Kuna ndege wa Madagaska, Glareola ocularis, kahawia, mwenye mabawa marefu, kama mbayuwayu aliyenenepa, na kistari cheupe chini ya jicho. Anazaliana Madagaska na kuja pwani ya Afrika Mashariki wakati ule vitwitwi wengi bado wako kwao. Mlango wa Sabaki ni mojawapo ya mahali wanapokusanyika kwa wingi, na jioni nzuri makundi yake hutua mchangani na kuukazia macho upepo, wote uso upande mmoja. Kwenye nyasi fupi za nyuma ya mlango, katika majira yoyote, tafuteni kipimanjia wa Malindi, Anthus melindae. Ni ndege wa hudhurungi asiye na la kusifiwa, lakini amebeba jina la mji wenu na anaishi ukanda mwembamba wa pwani ya Kenya na Somalia tu. Malindi nzima imejaa watu wasiomjua.

Ombi langu moja la kuwasumbua. Kundi la watoto thelathini likitembea kuelekea ndege, ndege wanaruka. Wakiruka mara moja si kitu. Wakiruka mara sita katika saa moja ambayo maji yamewaachia ya kupumzika, wamechoma mafuta waliyokuwa wanayaweka. Mwezi wa Machi na Aprili mafuta hayo ndiyo nauli: kitwitwi aliyekuwa na gramu 55 anajilisha hadi anakuwa duara kabla ya kuondoka, na akiondoka na tangi nusu hafiki. Dalili ziko wazi. Vichwa vikiinuka vyote kwa pamoja, simameni. Wakianza kutembea kukuachia mgongo, rudini hatua kumi. Kaeni chini mkiwa mmebanana, rangi za nguo zisiwe na kelele, na sare yenu ikiwa nyeupe vueni mashati ya juu mvae fulana za michezo. Mtu aliyekaa hawamwogopi nusu ya wanavyomwogopa aliyesimama. Hilo jaribuni wenyewe, ni jaribio zuri la sayansi.

Darubini kubwa? Mwaka wa pili. Kwanza ongezeni zile za mkononi, 8x42 hizohizo, ziwe tano au sita. Mtoto anayesubiri zamu dakika ishirini anaanza kurusha mchanga. Za 10x, yaani za kukuza mara kumi, nazo ni nzuri lakini mikono ya watoto inatetemeka, na kinachokuzwa ni mtetemeko.

Nimekuachia yule wa Mida mwisho kwa sababu hamkukosea kumshangaa. Mwanafunzi wako alimwona Dromas ardeola, mimi humwita mla-kaa, na hakuna ndege mwingine duniani katika ukoo wake. Yuko peke yake. Mkubwa, mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu, na mdomo mweusi mnene kama koleo. Unahitaji mdomo huo ukiwa chakula chako kimevaa gamba. Anatembea taratibu kando ya mikoko maji yakitoka, anasita, anapiga mbio fupi, anachoma. Kaa akiwa mdogo humezwa mzima. Akiwa mkubwa hutikiswa hadi magando yanakatika, kisha mwili unapasuliwa.

Huyo wa kijivu aliyekuwa akilia ni mwanawe. Na hapa ndipo ninapowaonea wivu, maana wengi hutazama ndege hao miaka bila kuligundua. Vifaranga wa vitwitwi wengi hujitafutia chakula tangu siku ya kwanza, na wazazi huondoka hata kabla yao. Mla-kaa hafanyi hivyo. Huzaliana msimu wa joto kwenye visiwa na mafungu ya mchanga ya Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia. Anachimba shimo refu mchangani kama panya, ndani kabisa anataga yai moja tu, jeupe, kwa kuwa gizani halihitaji madoa ya kujificha, na joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Yai moja, mtoto mmoja. Mtoto huyo akishaweza kuruka anasafiri na mzazi hadi kwetu, na akifika hapa bado anadai. Majahazi ya Arabuni yalisubiri kaskazi ndipo yaje. Mla-kaa anaanza kuonekana Agosti, kusi ikiwa haijakata, tena na mtoto nyuma.

Rudini Mida, kwenye ule ujia wa mbao uliopita kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kuchungulia, maji ya bamvua yakiwa yanajaa alasiri. Nyamazeni. Sauti ya mtoto ni filimbi nyembamba isiyokatika, na mtaisikia kabla hamjamwona. Mfuateni kwa darubini hadi mzazi akamate kaa, mhesabu ni mara ngapi anampa na mara ngapi anamgeuzia mgongo. Kuanzia Novemba hadi Februari, kila bamvua, jozi zozote mtakazoweza kuziona. Matokeo mniandikie, nina daftari la namba kama hizo, na kurasa zake za Januari ni chache mno.